Lamu tano za Capsella: sanduku linalouzwa Bukavu kwa somo la chanzo cha mzizi

Sanduku lenyewe ni dogo, la plastiki. Ndani yake kuna lamu tano, yaani vioo vya kuwekea vitu chini ya mikroskopu, zenye vipande vya tunda changa la Capsella bursa-pastoris, gugu la jamii ya shu (kabichi) lenye matunda ya umbo la moyo. Vipande vimepakwa rangi mbili, nyekundu na kijani, kisha vikafunikwa kwa lamela, kioo chembamba cha juu. Linauzwa katika duka moja la vifaa vya maabara upande wa Ibanda, na wanaolinunua zaidi ni walimu wa kemia-biolojia wa sekondari pamoja na wanafunzi wa ualimu. Tumelipima kwa swali moja: je, mwanafunzi akizitazama lamu hizi ataona mahali mzizi unapoanzia?

Ataona, ikiwa lamu ya pili, ya umbo la duara, imekatwa katikati ya kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu. Ikiwa imekatwa pembeni, sanduku zima linabaki picha nzuri za kiinitete kinachonenepa, na kwenye lamu ya tatu mzizi unatokea tayari umeshajengwa. Kwa hiyo anayenunua asilipe kabla ya kuitazama lamu hiyo kwa mikroskopu. Duka hili linaruhusu: kuna mikroskopu mezani, na mwenye duka hakasiriki mteja akikaa nusu saa akilinganisha masanduku matatu. Jambo hilo peke yake linatosha kulipendelea kuliko kuagiza sanduku lililofungwa kutoka nje ya nchi.

Kwa nini Capsella, wakati mashamba ya Kabare na Walungu yamejaa maharagwe na mahindi? Kwa sababu seli za kiinitete chake hugawanyika kwa mpangilio karibu uleule kila mara, kiasi kwamba mtu anaweza kuonyesha seli moja na kusema itazaa nini. Johannes von Hanstein aliuchora mpangilio huo mwaka 1870, na ndiye aliyeipa jina hipofizi seli ambayo somo letu linaizunguka. Baadaye Mfaransa René Souèges aliufuatilia mgawanyiko baada ya mgawanyiko. Leo maabara nyingi hutumia Arabidopsis thaliana, ndugu wa karibu wa Capsella, na yaliyogunduliwa humo yanasomeka vizuri juu ya lamu hizi.

Haya ndiyo yanayotakiwa kuonekana. Baada ya utungisho, zigoti, yaani seli ya kwanza ya mmea mpya, hurefuka na kugawanyika katika seli mbili zisizolingana. Ya juu ni ndogo, ya chini ni ndefu. Ya juu hugawanyika kwa wima mara mbili, kisha kwa mlalo, na kufikia seli nane. Halafu kila moja hukatwa sambamba na uso wa nje, na kiinitete kinakuwa kidude cha duara chenye seli 16, ngozi nje na kiini ndani. Ya chini hugawanyika kwa mlalo tu, ikatoa mnyororo wa seli unaoitwa suspensori, wenye seli kati ya 6 na 10 katika Capsella. Mwisho wa mnyororo, upande wa mikropili (tundu dogo la mbegu), kuna seli moja kubwa iliyovimba. Mwisho wa pili, pale mnyororo unapogusa duara, seli ya juu kabisa haibaki suspensori. Inaingizwa ndani ya kiinitete. Hiyo ndiyo hipofizi.

Hipofizi hugawanyika mara moja kwa namna ya pekee. Nusu ya juu ni nyembamba na imepinda kama lenzi. Nusu ya chini ni kubwa zaidi. Seli ya lenzi, baada ya migawanyiko miwili ya wima, hutoa seli nne za kitovu tulivu cha mzizi, yaani seli za ncha zinazogawanyika kwa nadra. Nusu ya chini hutoa safu ya katikati ya kofia ya mzizi, yaani kolumela, pamoja na seli shina zake, zile zinazoendelea kuzaa seli nyingine. Sehemu zote nyingine za ncha ya mzizi, yaani mishipa, endodemi, gamba, ngozi na hata pande za kofia, zinatokana na sehemu ya chini ya duara, kwa hiyo ni uzao wa ile seli ndogo ya juu. Mzizi mmoja, koo mbili za seli, zinazokutana kwenye mstari mmoja wa seli. Mwanafunzi aliyeuona mstari huo kwenye lamu ya pili haulizi tena kwa nini kitovu tulivu kinakaa mahali kinapokaa.

Sasa ukaguzi dukani. Anza na objektifu (lenzi ya chini ya mikroskopu) ya 4 upite lamu yote, maana tunda zima limekatwa na ndani yake kuna ovuli nyingi, yaani mbegu changa. Usihukumu kwa ovuli ya kwanza. Tafuta ovuli iliyopinda ambayo ndani yake kuna kiduara chekundu. Nenda kwenye objektifu ya 10, utambue kwanza ile seli kubwa iliyovimba karibu na mikropili, kwa sababu ndiyo alama iliyo rahisi kuliko zote. Ukishaipata, fuata mnyororo kutoka hapo kuelekea kwenye duara. Kisha weka objektifu ya 40. Kwa okulari ya 10 yenye namba ya uwanja 18, utakuwa unaona eneo la milimita 0.45, ambalo linatosha duara na sehemu kubwa ya mnyororo kwa pamoja.

Lamu inafaa ikiwa angalau ovuli moja inaonyesha seli kubwa, mnyororo na duara katika kipande kilekile, bila mnyororo kukatika katikati. Hesabu seli za mnyororo. Zikiwa chini ya 6 na ghafla mnyororo unapotea kwenye nyama ya endospemu (akiba ya chakula cha kiinitete), kisu kimepita kwa mshazari. Kisha tazama kiungo cha mnyororo na duara: panatakiwa kuwa na seli moja iliyojichomeka kati ya seli za ngozi, au, katika kiinitete kilichokomaa kidogo zaidi, ukuta uliopinda unaoitenga seli ya lenzi na ile iliyo chini yake. Ukuta huo uliopinda ndio unaolipiwa. Ukiuona, nunua.

Sababu ya lamu nyingi kukosa ni ya hesabu rahisi. Hipofizi ina upana wa kama mikromita 10, na vipande vya parafini hukatwa kwa unene wa karibu hivyohivyo. Katika utepe wote wa vipande vinavyopita kwenye kiinitete kimoja, ni kipande kimoja au viwili tu vinavyoigusa. Anayetengeneza lamu kwa wingi hachagui. Anaweka kipande chenye duara zuri, na duara huonekana zuri hata likikatwa pembeni. Ndiyo maana masanduku mawili ya mtengenezaji mmoja, yenye lebo moja, yanaweza kutofautiana kabisa kwa thamani ya somo. Katika masanduku tuliyoyalinganisha, lamu ya tatu, ya nne na ya tano zilikuwa zinalingana. Tofauti ilikuwa kwenye ya pili.

Kagua pia lamela. Inayotakiwa ina unene wa milimita 0.17. Ikiwa ni nene sana, au gundi imewekwa nyingi chini yake, objektifu ya 40 itagusa kioo kabla picha haijawa wazi. Mnunuzi anayekagua kwa objektifu ya 10 peke yake hataligundua hilo mpaka afike darasani.

Lamu ya kwanza, ya seli mbili hadi nne, ni ngumu kwa wanafunzi. Kiinitete ni kidogo mno na endospemu inakizunguka na viini vingi vinavyovuta jicho. Hata hivyo ina kazi yake: seli ndefu ya chini na ndogo ya juu zinaonekana wazi kwenye ovuli zilizokatwa vizuri, na bila kuona kutolingana huko mwanafunzi hawezi kuelewa kwamba koo mbili za mzizi zinatengana tangu mgawanyiko wa kwanza.

Lamu ya tatu, ya umbo la moyo, ndiyo bora katika sanduku. Rangi imeshika, kuta ni kali. Geuza macho kutoka kwenye kotiledoni (majani ya mbegu) mbili zinazochomoza, ambazo kila mtu huzitazama kwanza, uende upande wa pili. Hapo meristemu ya mzizi, sehemu ya seli zinazogawanyika, iko tayari. Katika kipande cha wima utaona seli mbili kati ya zile nne za kitovu tulivu, ndogo na bapa, na chini yake tabaka za kolumela. Mwambie mwanafunzi aweke ncha ya kalamu kwenye kitovu na afuate mstari mmoja wa seli kwenda juu, kisha mwingine pembeni yake. Kwenye lamu ya nne, ya umbo refu, mistari hiyo imenyooka na inafuatika hadi hipokotili, shina lililo chini ya kotiledoni.

Lamu ya tano ni kiinitete kilichokomaa na kujikunja. Inapendeza kwa macho lakini inafundisha kidogo, maana jambo lililo muhimu ndani yake, kwamba ncha ya mzizi inatazama mikropili, linaonekana bure kwenye haragwe la soko la Kadutu. Loweka maharagwe usiku mzima, futa moja likauke nje, libonye kidogo: tone la maji hutoka kwenye tundu dogo kando ya kovu. Hilo ni mikropili. Vua ganda, na ncha ya mzizi iko hapohapo. Ni lazima iwe hapo, kwa sababu suspensori ilikuwa imeshikwa upande huo na mzizi ulijengwa kwenye kiungo chake.

Kuna kijitabu cha Kifaransa ndani ya sanduku, kurasa chache. Michoro ni safi, lakini ule wa mwisho unapaka rangi moja kuanzia seli ya chini ya zigoti hadi mzizi wote, na mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba seli ya juu huzaa shina na ya chini huzaa mzizi. Ni kosa la zamani na linapita kutoka mchoro hadi mchoro. Lirekebishe kwa kalamu kabla ya kugawa nakala: acha rangi ya seli ya chini kwenye kitovu tulivu na kolumela pekee, sehemu nyingine zote za mzizi uzipake rangi ya seli ya juu.

Kijitabu hakisemi lolote juu ya kinachoiamrisha hipofizi, na mwalimu atalazimika kuongeza. Kwa kifupi ni hivi. Mwanzoni homoni ya oksini inasukumwa kutoka mnyororo kwenda kwenye kiinitete, kwa protini ya PIN7 iliyo upande wa juu wa seli za mnyororo. Kiinitete kikifikia kama seli 32, mkondo unageuka: PIN1 inajipanga upande wa chini wa seli za ndani za duara, PIN7 inahamia chini, na oksini inajikusanya kwenye hipofizi. Utafiti wa Arabidopsis uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha mgeuko huo. Kabla yake, mwaka 1991, watafiti wa Ujerumani walikuwa wamechapisha orodha ya miche yenye kasoro, mmojawapo monopteros, usio na mzizi. Jeni yake inafanya kazi ndani ya seli za duara zinazoigusa hipofizi, wala si ndani ya hipofizi. Kutoka huko inaamsha usafirishaji wa oksini na kutuma protini ndogo, TMO7, inayohamia kwa jirani. Bila ujumbe huo hipofizi hugawanyika vibaya na mche unaota bila mzizi wake wa kwanza. Kwa maneno mengine, ukoo wa juu ndio unaoita seli ya ukoo wa chini ijiunge. Jambo hilo ni zuri mno kuachwa nje ya darasa kwa sababu tu kijitabu kimelikosa.

Kitovu tulivu nacho kinastahili dakika zake. Seli zake hugawanyika kwa nadra, ila ndizo zinazozizuia seli shina zinazozigusa zisikomae. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba ukiua seli moja ya kitovu kwa leza, seli shina zilizoigusa zinaanza kukomaa. Wanafunzi wanaweza kuona kivuli cha jambo hilo kwa Lugol ya famasi, yaani maji ya iodini. Otesha mbegu za shu kwenye karatasi yenye unyevu siku mbili au tatu, mpaka mzizi ufike sentimita moja. Kata milimita tatu za ncha, uziweke kwenye Lugol iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika moja au mbili, suuza, weka tone la gliserini, funika. Chembe za wanga za kolumela zinakuwa nyeusi kwa safu. Juu yake kuna ukanda usio na rangi hiyo: ndimo zilimo seli shina za kolumela na kitovu tulivu. Ukiacha muda mrefu, ncha yote inageuka kahawia na ukanda unapotea. Anza upya na mzizi mwingine.

Kwa atakayekosa lamu ya pili iliyo nzuri, kuna njia mbadala yenye kazi zaidi. Chukua matunda machanga ya haradali iliyotoa maua. Ya juu kwenye kishina ndiyo machanga kuliko yote, na kila unaposhuka umri unaongezeka. Pasua tunda, toa ovuli kwa sindano, ziweke kwenye tone la soda kostiki ya asilimia 5, yaani gramu 5 katika mililita 100 za maji. Mimina soda kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya soda, na uvae miwani na glavu. Soda inapatikana kwa wanaouza vifaa vya kutengeneza sabuni. Subiri dakika chache, funika kwa lamela, kisha gonga juu yake polepole kwa ncha ya penseli mpaka ovuli ipasuke na kiinitete kitoke. Mara nyingi kinatoka na mnyororo wake. Ukigonga kwa nguvu, mnyororo unakatika pale pale kwenye hipofizi, kwa hiyo andaa ovuli nyingi. Kuta hazitakuwa kali kama kwenye lamu iliyopakwa rangi, lakini mwanafunzi ataona duara na mkia kwa ukamilifu wake, jambo ambalo vipande vya parafini huvunja.

Mwanga: umeme ukikatika, kioo cha mikroskopu kielekezwe dirishani penye anga, kisielekezwe kwenye jua lenyewe. Tochi ya simu chini ya karatasi nyeupe inafaa pia. Kwa lamu zilizopakwa rangi fungua diafragma kama theluthi mbili. Kwa kiinitete kisicho na rangi, kilichotolewa kwa soda, ifunge karibu yote, la sivyo hutaona kuta.

Utunzaji: unyevu wa kandokando ya Ziwa Kivu unazalisha ukungu kwenye lenzi, na mwanga unafifisha rangi ya lamu. Ziweke gizani, zikilala, pamoja na kifuko cha silika. Vumbi lifutwe kwa pamba laini na pumzi ya mdomo. Zaileni inayeyusha gundi ya ukingoni, na lamela inaanza kuteleza pamoja na kiinitete.

Sanduku hili lisinunuliwe kwa somo la mahindi. Katika mahindi seli za kiinitete hazifuati mpangilio mkali hivyo, hakuna seli moja utakayoionyesha kwa uhakika ukasema ni hipofizi, na mzizi wa kwanza unajengwa ndani ukiwa umefunikwa na ala, koleoriza, ambayo unatakiwa kuitoboa ili utoke. Duka lina lamu ya punje ya mahindi iliyokatwa kwa urefu, inauzwa peke yake, na ni ya kununua pamoja na sanduku. Kuhusu mihogo, wanafunzi watauliza, kwa sababu ndiyo wanayoiona ikipandwa: kipande cha mti wa muhogo hakina kiinitete, mizizi yake yote inazaliwa na shina, na hakuna lamu ya sanduku hili inayoihusu.

Mwenye duka anakubali kuuza lamu moja moja, ingawa kwa bei ya juu kidogo kuliko zikiwa pamoja. Shule yenye fedha ndogo ichukue ya pili na ya tatu, maharagwe yafanye kazi ya lamu ya tano, na lamu ya kwanza ichorwe ubaoni. Anayechukua sanduku zima na kukuta lamu ya pili haina ukuta uliopinda aombe ibadilishwe na ya sanduku jingine palepale mezani, huku mikroskopu ikiwa bado imewashwa. Duka limekuwa likikubali hilo kabla ya malipo, na baada ya malipo halikubali.